Visu vyangu vinalia "tak" na kupasuka. Nakosea wapi?

Barua ya msomaji

Salaam kwenu mafundi. Nina miaka 62, mstaafu, niko Kihonda, Morogoro. Nyuma ya nyumba nina kibanda cha mita 3 kwa 4 ambacho nimekifanya karakana. Nina grainda ya inchi 4 na nusu, jiliwa, nyundo ya kilo moja, kipande cha reli kinachonifaa kama fuawe, na jiko la mkaa nililolichimbia chini na kulipulizia kwa feni ndogo. Mama watoto ana jiko la gesi lenye oveni.

Mpaka sasa nimetengeneza visu saba vya jikoni. Vitano nilivikata kwenye springi ya pikapu niliyopewa gereji, viwili nilivifua kutoka kwenye nondo ya milimita 16. Kisu kikishapata umbo na makali, nakipasha mchana, nje ya kibanda, mpaka kiwe chekundu kabisa, kisha nakitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Vya springi, viwili vililia "tak" humo humo ndoo­ni, ufa ukaanzia pale bega linapokutana na msuka (ule ulimi wa chuma unaoingia kwenye mpini). Cha tatu kilitoka kizima, nikakiweka mezani nikitegemea kukitia mpini kesho yake. Asubuhi nikakuta kimepasuka chenyewe, hakuna aliyekigusa. Cha nne kimepinda kama ndizi. Cha tano kilisalimika, nikakinoa kwa grainda kikameta, ila kinakata nyanya siku mbili tu, kisha kinakuwa butu. Vile vya nondo havipasuki, lakini makali yanalala ukikata kiungo cha kuku.

Mipini ni ya mninga, mabaki niliyochukua kwa seremala jirani, nimeipachika kwa gundi ya viatu na misumari miwili. Haikumaliza wiki sita, imeachia.

Fundi mmoja wa mjini ameniambia nitie chumvi kwenye maji. Mwingine anasema mkojo ndiyo wenyewe. Na mwenye bucha hapa mtaani ameshaniagiza visu vitatu. Niendelee au niache? Naomba mnijibu kwa vipimo, maana "mpaka kiwe chekundu" imeshanimalizia springi nzima.

Mstaafu, Kihonda

Jibu

Shikamoo mzee. Usiache. Mikono yako haina kasoro. Tatizo ni kwamba umekuwa ukitengeneza kisu kutokana na chuma ambacho hujakihoji.

Nondo tuzimalize haraka. Chuma hukubali kuwa kigumu kwa sababu ya kaboni iliyomo, na nondo ya kawaida ina kama asilimia 0.2 hadi 0.3 tu. Uizimishe (yaani uipoze ghafla ikiwa nyekundu) kwa maji, kwa chumvi, kwa barafu, makali yatabaki laini. Springi za magari huwa na asilimia 0.5 hadi 0.65 pamoja na kromiamu kidogo. Tupa kuukuu nyingi, zile za kusugulia chuma, zinafika asilimia 1 na kuzidi, ingawa siku hizi zipo tupa za bei rahisi ambazo ugumu wake ni wa ganda la juu tu.

Kromiamu hiyo ya springi ndiyo iliyokuponza. Inakifanya chuma kiwe kigumu hata kikipozwa taratibu kiasi, kwa hiyo mafuta yanatosha na maji yanazidi. Chuma kinapozimika hutanuka kidogo. Ndani ya maji, ganda la nje huwa gumu kwanza, gumu na lenye kuvunjika kama gae la chungu. Muda mfupi baadaye kiini nacho kinatanuka, na ganda halina namna ya kukifuata. Litapasuka mahali penye udhaifu: kona kali ya bega, mkwaruzo wa grainda uliokatiza bapa, au ufa wa zamani ambao springi ilitoka nao barabarani. Chumvi huongeza kasi ya maji, kwa hiyo aliyekuambia hivyo hakukosea kuhusu chumvi. Amekosea kuhusu springi. Mkojo ni maji ya chumvi yenye harufu.

Kabla ya kisu cha nane, toa jioni moja uvunje vipande. Vile viwili vilivyopasuka ndooni usivitupe. Vipashe mpaka viwe vyekundu, vifukie kwenye jivu kavu lenye moto, viache usiku kucha. Asubuhi vitakatika kwa msumeno wa chuma. Pata vipande vitatu vya kama sentimita 8 kwa 2, epuka sehemu yenye ufa, kisha subiri giza lianze kuingia. Juani rangi ya moto inakudanganya: unachokiona chekundu saa saba mchana, kivulini ni karibu rangi ya chungwa. Hilo peke yake linaeleza nusu ya hasara yako.

Andaa sumaku iliyofungwa kwenye waya na chumvi ya mezani. Chuma huacha kushika sumaku kwenye nyuzi joto 770 hivi. Chumvi huyeyuka kwenye 801. Springi inataka 815 hadi 845. Sasa unavyo vipimo viwili ambavyo havihitaji umeme wala kipimajoto cha gharama.

Kipande cha kwanza kizimishe kwenye mafuta mara tu sumaku inapokikataa. Cha pili, sumaku ikishakataa, nyunyizia chembe za chumvi. Zikiyeyuka na kutambaa kama maji, kiongezee moto kidogo sana, rangi ipande ngazi moja, ukizimishe. Cha tatu kiunguze makusudi mpaka rangi ya chungwa inayoelekea njano. Vikipoa, kwangua ngozi ya juu na upitishe tupa nzuri. Ngozi hiyo isikuchanganye: hewa motoni huila kaboni ya juu kabisa, kwa hiyo tupa inaweza kuuma kidogo hapo halafu ikateleza chini yake. Kwenye kipande cha kwanza huenda tupa ikauma. Kwenye cha pili itateleza kama juu ya kioo. Kwenye cha tatu itateleza vilevile, na hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu tupa haioni tofauti ya cha pili na cha tatu.

Tofauti utaiona ukivivunja. Bana nusu ya kipande kwenye jiliwa, funika kwa gunia bichi, vaa miwani ya kazi, piga nyundo. Cha pili kitaonyesha uso wa kijivu, laini kama mahameli. Cha tatu kitameta kama sukari. Chembe hizo kubwa maana yake ni chuma kilichopata moto kupita kiasi, kigumu lakini hakina nguvu. Kitamegeka hata ukikizimisha kwa mafuta mazuri kuliko yote. Tunakisia visu vyako vyote vitano vilikuwa na sukari hiyo ndani.

Springi nyingine ukiipata, ondoa rangi na grisi kwanza, kata sehemu za kuelekea ncha, siyo karibu na tundu la katikati ambako chuma kimechoka zaidi. Kuugundua ufa usioonekana, paka mafuta ya taa, acha robo saa, futa mpaka pakauke, kisha sugua chaki nyeupe. Penye ufa mafuta yatatoka tena na kuchora mstari kwenye chaki. Kitu chochote kilichopakwa zinki, bomba la maji au bati, kisiingie kwenye moto wako. Moshi wake unaleta homa ya siku nzima kwa kijana, sembuse sisi wa umri huu.

Springi ya pikapu ina unene wa milimita 6 hadi 8, nawe unataka mgongo wa milimita 2.5 hadi 3. Usiisage yote kwa grainda, utamaliza diski na mapafu. Ifue ikiwa rangi ya chungwa angavu, acha nyundo ikishuka kuwa nyekundu iliyofifia, irudishe motoni. Ikianza kutoa cheche ndani ya mkaa, inaungua; sehemu hiyo kata utupe. Au jaribu kipande cha msumeno wa mkanda uliochakaa kutoka kiwanda cha mbao. Ni chembamba tayari na kwa kisu cha jikoni kinaokoa kazi nyingi, lakini nacho kihoji vilevile, vipande vitatu, kabla ya kukiamini.

Kwa kisu cha bapa la sentimita 15 na upana wa sentimita 3.5, mambo manne yakamilike kabla ya moto wa kuzimishia. Makali yaachwe na unene wa milimita 1. Ukiyafikisha wembe mapema, yanapinda na kuungua. Bega la msuka liwe duara la tupa ya mviringo, nusu kipenyo milimita 3, pasiwe na kona hata moja. Matundu ya pini yatobolewe sasa, baadaye drili haitaingia. Na mikwaruzo ya mwisho ya msasa namba 120 ifuate urefu wa bapa.

Kisha kipumzishe chuma: kipashe mpaka sumaku ikatae na rangi ipande kidogo, kitundike hewani kivulini mpaka weusi urudi. Fanya hivyo mara tatu, kila mara moto ukipungua kidogo. Hii inazirudisha chembe kuwa ndogo na kutoa mkazo wa nyundo. Wengi wanairuka kwa sababu haionekani imefanya nini.

Jiko lako la feni lina kasoro moja: moto unachoma mahali pamoja, ncha inaungua huku shingo bado nyeusi. Chukua bomba jeusi la chuma la inchi 2, urefu sentimita 35, lisilo na zinki, ziba upande mmoja, lifukie kwenye mkaa likiwa limelala. Tupia vijipande viwili vya mkaa ndani vile hewa. Kisu kinakaa ndani ya bomba na kupata joto lililosawazika. Kikifika pale chumvi ilipokuonyesha, kiache dakika 3 hadi 5. Haya yote yafanyike nje. Kibanda cha mita 3 kwa 4 chenye jiko la mkaa linalopulizwa kinaua kimya kimya, na hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu.

Mafuta: lita 5 za alizeti kwenye kopo refu la chuma lenye kipenyo cha sentimita 14, zitasimama kama sentimita 32. Kopo lisiwe la plastiki, na oili chafu ya gari usiiguse, moshi wake ni sumu. Mawese yanagandaganda, yaache. Mafuta yapashwe kwanza yafike nyuzi 50 hadi 60, kwa kuwa mafuta ya baridi ni mazito na hayakimbii juu ya bapa. Hapa nondo zako ndipo zinapata kazi: pasha moja iwe nyekundu, koroga nayo. Weka karibu kifuniko cha chuma na ndoo ya mchanga. Miali ikiruka, funika. Maji yasikaribie.

Kisu kiingie wima, ncha kwanza, kwa tendo moja lisilositasita, kisha kisogeze mbele na nyuma kama unakata mkate. Ukikitikisa ubavu kwa ubavu, au ukikirusha kilale kama pengine ulivyokuwa ukifanya ndooni, upande mmoja unapoa kabla ya mwenzake na ndizi yako inarudi. Hesabu mpaka 12, kitoe, kitazame kwa mgongo. Kama kimepinda, una sekunde chache tu ambazo chuma bado kinakubali: kibane kati ya mbao mbili nyoofu ukivaa glavu nene za ngozi. Kikishapoa kabisa usikiguse kwa nyundo.

Kile cha tatu kilichopasuka usiku hakikurogwa. Kisu kilichozimishwa kina mkazo ndani yake, na kila saa kinayokaa bila moto wa pili kinatafuta pa kuutolea. Mara tu unapoweza kukishika kwa mkono mtupu, kipeleke kwenye oveni. Kwanza kioshe kwa sabuni mafuta yote yaishe, la sivyo keki ya wiki nzima itanuka karakana na ruhusa ya oveni itafutwa. Sugua upande mmoja ung'ae. Weka trei yenye mchanga wa sentimita 2, ipashe mpaka nyuzi 200, laza kisu juu yake saa 2, kitoe kipoe, rudia saa 2 nyingine. Kwa chuma cha tupa tumia 220. Kitufe cha oveni ya gesi hakiaminiki; nunua kipimajoto kidogo cha kuweka ndani. Sehemu iliyong'aa itageuka rangi ya majani makavu ya mpunga, iliyokolea kiasi. Kahawia maana yake umepitiliza kidogo kwa kisu cha jikoni. Zambarau na buluu, karibu nyuzi 280 hadi 300, ni rangi za panga na jembe.

Rangi hizo ndizo zinazoeleza kisu chako cha tano. Kumbuka uliponoa kwa grainda: makali hayakugeuka buluu? Ikiwa yaligeuka hata kwa kupepesa jicho, ugumu wa makali ulishuka hapo. Baada ya moto wa pili, grainda ifanye kazi kidogo sana, kwa diski ya msasa namba 60, kisu kikiwa kimebanwa, nawe ukimwagia maji kila pasi moja. Tone la maji likichemka juu ya bapa, simama. Malizia kwa mkono: msasa wa maji namba 120, 220, 400 juu ya kibao. Nyuma ya makali ufike milimita 0.3 au 0.4. Kwenye kinoo, kwa upana ule wa sentimita 3.5, inua mgongo milimita 9 hadi 11. Hiyo ni kama digrii 15 hadi 18 kila upande. Kisu cha nne na cha tano bado vinaokoleka: vipumzishe mara tatu, kile kilichopinda kinyooshe kikiwa chekundu, uanze upya na mafuta.

Tukiwa kwenye grainda: usije ukafunga diski ya inchi 7 kwenye mashine ya inchi 4 na nusu kwa kutoa kinga. Tunaona mafundi wakifanya hivyo kila siku. Mashine yako huzunguka mara 11,000 kwa dakika, na diski ya inchi 7 imeruhusiwa mara 8,500 tu, mita 80 kwa sekunde ukingoni. Ukiifunga humo, ukingo unazidi mita 100 kwa sekunde, na ikipasuka vipande vinakuja usoni.

Mipini. Mabaki ya seremala mara nyingi ni mabichi. Yapime kwenye mizani ya jikoni kila Jumamosi. Uzito ukiacha kushuka kwa wiki mbili mfululizo, yamekauka. Kata vibao viwili vya sentimita 12 kwa 3, unene milimita 9. Uso wa ndani wa mbao na wa msuka vyote vikwaruzwe kwa msasa namba 60, kwa sababu gundi haina pa kushika kwenye chuma kilichosuguliwa kikameta. Futa kwa spiriti. Gundi ya viatu hulegea kwa maji ya moto ya kuoshea vyombo, na msumari unashika kutu, unavimba, unapasua mbao. Tumia epoksi ya mirija miwili, nusu kwa nusu, na pini mbili za shaba njano za milimita 5 zilizokwaruzwa. Matundu ya msuka yawe milimita 6 ili gundi izunguke pini. Banio likazwe kidogo tu. Ukikaza sana unaikamua gundi yote nje na kuacha mbao kavu. Acha saa 24. Ukipata vipande vya mpingo kwa wachongaji, ujue una mafuta ya asili yanayoikataa gundi: futa kwa spiriti dakika chache kabla ya kugundisha. Vumbi lake na la mninga huwasha mapafu, na barakoa ya kitambaa haitoshi.

Mwenye bucha asubiri. Kwanza tengeneza kimoja cha nyumbani, ukipime hivi: bana fimbo ya shaba njano ya milimita 6 ikiwa imelala, kandamiza makali juu yake kwa digrii 15 huku ukivuta, na utazame kwenye mwanga. Makali yatajikunja kidogo yakipita na kurudi. Yakimegeka, rudisha oveni kwa nyuzi 15 zaidi. Yakibaki yamelala, huenda moto wa kwanza haukufika. Kikifaulu na kikakaa jikoni miezi mitatu, mtengenezee kimoja, siyo vitatu, makali ya digrii 20, ambayo ni kuinua mgongo milimita 12. Mwambie wazi kwamba chuma hiki kinashika kutu kikilala na maji, na kwamba mifupa ni kazi ya shoka. Baada ya mwezi kichukue, ukitazame chini ya lenzi kabla ya kukinoa: uone kama ubutu umekuja kwa kumegeka au kwa kulala, ndipo uamue moto wa cha pili.